Herufi za Mtu Anayekimbia

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza. Tunamkumbuka mwandika vibao, mzee tuliyemwita Mshazari. Alifariki Jumanne iliyopita, saa nne na nusu asubuhi, ndani ya gari, akitafuta mlango wa dharura wa hospitali. Narudia: akitafuta mlango. Hospitali ilikuwepo. Madaktari walikuwepo. Kilichokosekana ni neno moja la kusomeka.

Na neno hilo, wapendwa, ndilo alilolishughulikia miaka thelathini na moja.

Jina la Mshazari alipewa kwa sababu ya herufi zake. Zilikuwa nene, zimeinamia mbele, hazina mkia wala kucha. Alizichora mwenyewe, moja baada ya nyingine, katika chumba kilicho nyuma ya duka la rangi. Alikuwa na kibao kidogo cha pembe tatu alichokichonga kwa kisu. Kila herufi iliinama kwa kipimo hicho hicho, hata nukta haikupona. Tumbo la A na la R aliliacha wazi kuliko mafundi wengine. "Herufi nene ikinyimwa nafasi ndani," alikuwa akisema, "ukiwa mbali unaona doa tu."

Sasa sikilizeni alivyozipima. Alikuwa akiandika neno ukutani, kisha anamwita bintiye. Huyo binti leo ni mshonaji wa sare za shule. Wakati huo alikuwa na miaka minane.

"Baba alikuwa ananiambia nikimbie kutoka pipa hadi mlangoni," anatusimulia. "Nisome bila kusimama. Nikisita tu, anafuta. Neno DHARURA lilinikimbiza wiki nzima, jamani! Mama akamwambia, mtoto atabaki mifupa kwa ajili ya R yako."

Herufi hizo zikaenda kwenye magari ya wagonjwa, magari ya zimamoto, na lango la hospitali. Hakuziuza ovyo. Bwana harusi mmoja alizitaka kwenye kadi zake. Mzee akamtazama juu chini. "Mwanangu, hizi ni za kupiga kelele. Kwani bibi harusi anakukimbia?" Akamwandikia nyingine, zilizosimama kwa adabu.

Mwaka jana hospitali ikajenga jengo jipya, na mlango wa dharura ukahamia huko. Kamati ikaagiza maandishi mapya. Herufi nyembamba, za kijivu, juu ya kioo. Ziliwapendeza. Na mnajua walivyozichagua? Kwenye karatasi, mezani, kila mtu na kiti chake. Wamekaa! Watu wazima, wenye vyeo, wakachagua herufi za mtu anayekata roho huku wao wamekaa.

Mshazari akaenda ofisini kwao mara tatu. Mara tatu, wapendwa, kwa miguu yake mibovu. Safari ya mwisho alibeba ubao wenye neno lile moja, akamwomba msimamizi wa kamati watoke nje, wakimbie kidogo, waone tofauti. Msimamizi akacheka. "Mzee wangu, hayo ni mambo ya kizamani. Sisi tunataka mwonekano." Mzee akamjibu, "Mgonjwa haji hapa kuangalia urembo, mwanangu." Akaambiwa aache ubao mapokezi. Ukageuzwa kuwa wa kuzuia mlango wa stoo.

Jumanne kifua kikambana mzee. Bintiye akaazima gari la jirani. Jua lilikuwa linapiga kile kioo.

"Nilipita mlango mara mbili," anasema. "Mara mbili! Naona mwanga tu. Nimefika hadi kwenye maegesho ya wafanyakazi, kizuizi kimefungwa. Baba akanigusa bega. Akasema, rudi mama, tumepita. Hakusema tena."

Daktari aliyempokea aliiambia familia kwamba mwili ulikuwa bado na joto. Hakuna anayeweza kuapa kwamba angepona. Lakini dakika zake zilikuwa zake, na zimeliwa na kioo. Msimamizi alifika msibani akasema ni mipango ya Mungu. Hapana, bwana mkubwa. Mungu hakuwa kwenye kamati yako. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu limevunjika, ila si la aliyekataa kusikia. Hilo ndilo linaloniwasha.

Juzi, baada ya mazishi, binti alichukua brashi ya baba yake na kile kibao cha pembe tatu. Akaenda mchana kweupe, akaandika DHARURA kwenye ukuta wa jengo jipya, nyekundu, herufi za urefu wa mtu. Ofisi ikampa mlinzi ndoo ya chokaa afute. Mlinzi akauliza, "Nikishafuta, wenye wagonjwa niwaelekeze kwa kidole?" Akairudisha ndoo. Wakamtuma mwingine. Huyo alifuta. Jana asubuhi binti akaandika tena.

Mama mjane, pole sana. Binti, pole, na mkono wako usichoke. Wajukuu, poleni, babu yenu alikuwa mtu wa maana.

Nasi tuliobaki, tujiulize ni mambo mangapi tunawaamulia wenzetu tukiwa tumestarehe. Na ninyi wa kamati, najua mnanisikia. Tokeni nje leo. Mkimbie mbele ya mlango wenu, mmoja wenu akiwa amebebwa mgongoni. Halafu mtuambie mmesoma nini.