Naipanoi Sakaya, Mlinzi wa Betri za Chanjo

Ndugu waombolezaji, dada yetu Naipanoi Sakaya, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Tabea, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Oldonyo Sambu, akasoma shule ya msingi papa hapa, kisha sekondari na chuo cha ufundi Arusha mjini, alikohitimu fani ya umeme mwaka 1981.

Aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha Themi, Arusha mjini, na tarehe 6 Oktoba 1984 akafunga ndoa na Mwalimu Manase Lerionka, wakajaliwa watoto wawili, Tabea na Lemayian.

Kiwanda kilipobinafsishwa mwaka 1993 alipunguzwa kazi, lakini hakukaa kujionea huruma, kwani betri na inveta, vile vifaa vya kugeuza umeme wa betri uwashe vyombo vya kawaida, zilikuwa zimeanza kuingia nchini na mgao wa umeme umepamba moto, hivyo yeye na rafiki yake Arafa Khalfani, muuza vipuri, wakafungua karakana Sokon I, kule mjini, ambako mteja aliulizwa kwanza anataka kuwasha nini na kwa muda gani, ndipo apangiwe betri zake.

Mwaka 1996 alifunga betri katika zahanati moja upande huu wa Mlima Meru, fungu moja la friji ya chanjo peke yake, jingine la taa za wodi ya wazazi, na siku ya uzinduzi umeme ulipokatika, kamati ya zahanati ikataka vipaza sauti vya mgeni rasmi viunganishwe kwenye fungu la friji, naye akasimama mlangoni mbele ya wakubwa wote akasema, “Mgeni rasmi anaweza kupaza sauti, chanjo haiwezi kujipoza.”

Baba yetu, mjumbe wa kamati ile, aliona ameaibishwa na binti yake, akaondoka bila kumuaga, lakini umeme haukurudi wiki nzima, na alipoona wajukuu wa majirani wanachanjwa kama kawaida, alishuka mwenyewe hadi Sokon I akamwambia, “Mwanangu, ulisimama vizuri.”

Mwaka 2001 aliugua figo, akaendelea kuwapangia wateja betri akiwa kitandani, huku Tabea akizifunga, hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2002.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, Bi Arafa na mafundi wote wa karakana, ambayo Jumatatu itafunguliwa tena, kama alivyoagiza.

Mama Tabea, kazi umeifanya, sasa pumzika kwa amani.