Mfereji Tuliosema Si Wetu

Mgeni rasmi, Bwana Administrata, na mabwana mlioongozana naye,

Sisi wakulima wa kilima cha udongo mweupe, juu ya Mutarule, tunakukaribisha. Tunajua umekuja kufungua mashamba mapya ya pamba. Njia tumeifagia kwa moyo, ijapokuwa moyo wenyewe leo ni mzito.

HISTORIA

Kilima hiki kimezungukwa na mfereji mpana na tuta lake. Ndani mna vishamba vya pembe nne, kila kimoja na ukingo wake. Aliyevichimba hatumjui. Babu zetu walivikuta, na babu zao vilevile. Ukingo hausogezwi, ndivyo tulivyolelewa, na kwa hiyo hakuna jirani aliyewahi kumshtaki jirani kwa ajili ya mpaka.

TULIYOFANYA

Pamba tumepanda miaka minne bila kukosa. Darasa la matofali tumelijenga wenyewe. Mengine utayaona.

SHIDA YETU

Mwaka jana alikuja mpima mashamba pamoja na karani Evariste. Wakamkuta muzee Ndihokubwayo, mkubwa wetu, akipalilia maharage. Karani akauliza, "Muzee, hii mufereji iko ya nani?"

Muzee akashtuka. Siku zile kila mwenye mfereji wenye majani alikuwa akifungwa, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kulala siku saba gerezani kwa kosa hilo, kwa ajili ya kamfereji ka nyumbani kwake. Akawaza: nikisema ni wetu, tutafyeka mpaka tuzeeke. Akajibu, "Haiko yetu. Siye hatukuchimba. Tuliikuta tu. Haina mwenyewe."

Sisi tuliosimama pale tukaitikia: haina mwenyewe. Tena tulirudi tunacheka, tukimsifu muzee kwa akili yake.

Karani akaandika juu ya kilima chote: ardhi isiyo na mwenyewe. Mwezi wa sita trakta ikaja, ikasawazisha upande wote wa chini. Leo Generose na shemeji yake Marcellin hawasalimiani, maana hakuna ajuaye shamba la huyu linaishia wapi. Muzee haji tena kunywa pombe na wenzake. Ukimwita anajibu, "Muniache, ni mudomo wangu ulifanya." Si mdomo wake peke yake, Bwana. Ni wetu sote, na tunajuta sana.

OMBI

Upande wa juu bado uko, lakini trakta inaupandia Jumatatu. Tunaomba neno lile lifutwe kwenye karatasi kabla ya siku hiyo. Pamba yenu tutaipanda humohumo ndani ya vishamba, hata kama mistari itapinda.

Muzee hayuko hapa kwenye viti. Tangu asubuhi yuko juu na panga lake, anafyeka majani mferejini, wala hakuna aliyemtuma. Tunakuomba upande huko juu aliko, umwulize tena mfereji huo ni wa nani.

Mungu akupe afya, wewe na Madamu, akulinde barabarani mpaka ufike Uvira.

Imesomwa na Hyacinthe, katekista, kwa niaba ya

WENYE MFEREJI