Dakika Tisa za Naftali Mwadime

Mchungaji, ndugu, jamaa na marafiki, Bwana asifiwe. Programu mliyoshika ina wasifu wa marehemu ukurasa wa tatu. Niliuandika mimi mwenyewe siku ya Jumanne, ukachapishwa Jumatano asubuhi. Naomba msiufuate. Huu ninaousoma niliuandika jana kwa mkono, kwa hiyo mtanivumilia nikikwama kwenye mwandiko wangu. Mama yetu anasikiliza kutoka Wundanyi kwa simu ambayo Mubarak ameishika hapa mbele. Mubarak, isogeze kidogo. Mama, tuko pamoja.

Marehemu Naftali Mwadime alizaliwa tarehe 3 Juni 1981 huko Werugha, Wundanyi, katika milima ya Taita. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Elistone Mwadime na Mama Sarafina Wakesho. Wa kwanza ni mimi, Dorah. Nilimtangulia kwa miaka minne na nikambeba mgongoni, na kwa sababu hiyo nilijiona nina haki ya kumwamulia mambo mpaka alipofika miaka thelathini na sita. Hilo mlijue mapema, kwa kuwa ndilo limenileta hapa na karatasi mbili badala ya moja.

Alisoma shule ya msingi Werugha kuanzia 1988, kisha akaenda shule ya upili Voi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Walimu walimpenda kwa sababu akitumwa alikwenda, na akirudi alisema alichokikuta, hata kama hakikumpendeza aliyemtuma.

Mwaka 2002 aliajiriwa katika kikosi cha zimamoto cha kiwanda kimoja Changamwe, Mombasa. Hapo ndipo alipojifunza kazi. Kikosi hicho kilikuwa cha kiwanda, lakini nyumba za majirani zikishika moto walikwenda pia. Siku moja waliitwa hata ng'ambo ya Likoni, wakazima jiko la bibi mmoja, naye kwa furaha akamkabidhi Naftali jogoo. Alipofika kituoni na jogoo wake, mkuu wao akamwuliza alikuwa kazini au harusini. Akaamriwa amrudishe. Naftali akapanda feri akiwa na sare yake yote na jogoo kwapani, watu wakimcheka njia nzima, akamrudisha. Bibi akakasirika kweli kweli, akamwambia ana dharau. Kisa hicho alipenda kukisimulia, na kila akikisimulia alimalizia kwa kusema kwamba mtu hapewi zawadi kwa kufanya kazi yake.

Hapo tulikuwa hatuelewani kabisa. Mimi ni msimamizi wa usafi katika hoteli moja hapa Dubai, mtaa wa Al Barsha, na nimekuwa mfanyakazi wa mwezi mara mbili. Picha yangu ilitundikwa karibu na mlango wa jikoni na niliipenda. Nilimwambia kwamba mtu akisifiwa hapungukiwi na kitu, na kwamba askari polisi na wazima moto ndio wa kwanza kustahili, maana sisi wengine tukikosea kazini shuka hurudi dobi basi, lakini wao wakikosea mtu hufa. Alinijibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutowapa. Tulibishana hivyo miaka na miaka, kwenye simu, kwenye basi, hata kanisani wakati wa matangazo.

Naftali alifika Dubai tarehe 14 Septemba 2011. Alifanya kazi ya ulinzi, kwanza Satwa, halafu katika jengo moja la Jumeirah Lake Towers ambalo jina lake nimeombwa nisilitaje, na sitalitaja. Kwa kuwa aliujua moto, waliweka meza yake kwenye chumba cha mtambo wa kengele, pamoja na huyu Mubarak. Tarehe 19 Aprili 2013 alifunga ndoa na Justine Nakato kutoka Masaka, Uganda, ambaye wakati huo alifanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli yetu. Mimi ndiye niliyewakutanisha, na mara hiyo moja hakubishana nami. Mungu aliwajalia binti mmoja, Desire, aliyezaliwa Agosti 2014.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ijumaa, tarehe 20 Novemba 2015, jengo hilo lilishika moto ghorofa ya ishirini na mbili. Naftali aliwatoa watu kumi na mmoja. Wawili aliwabeba, mmoja wao mzee asiyeweza kutembea, ghorofa zote hizo kwa ngazi. Haya yameandikwa kwenye programu yenu na ni kweli. Wazima moto wa serikali walifika haraka, wakapanda na mizigo yao mgongoni, wakauzima. Naftali alisema mmoja wao aliketi kando yake kwenye ukingo wa barabara, akampa maji, kisha akainuka kwenda kukunja mipira ya maji. Hakuna aliyewapigia makofi, na hawakungoja.

Februari 2016 kampuni yao ya ulinzi ilifanya sherehe. Naftali alitakiwa apokee cheti na kikombe cha kioo. Alikataa kwenda. Walinipigia mimi simu, na mimi nikaona ni ule ubishi wake wa jogoo. Nikashona nguo Satwa, nikaenda, jina lake likasomwa, nikapanda jukwaani nikapokea kwa niaba yake. Nilitabasamu. Picha nikamtumia Mama siku ile ile, Mama akaitia fremu, na kanisani nyumbani ikatangazwa kwamba kijana wetu ni shujaa wa Dubai.

Naftali alikuja mpaka hotelini kwetu kesho yake. Hakupaza sauti. Alisema, "Dada, umepokea kitu ambacho si changu." Nikamwambia ajishushe, maringo ya unyenyekevu nayo ni maringo. Akanitazama, akaondoka, na kwa miezi saba hakunipigia simu. Nilikasirika. Niliwaambia watu kwamba mdogo wangu ana kiburi, na baadhi yenu mlio hapa niliwaambia.

Baada ya moto ule alianza kukohoa. Aliomba kuhamishwa jengo, akapelekwa kulinda maegesho ya magari Al Barsha. Kikohozi hakikuisha. Agosti 2017 alilazwa, tukaonyeshwa picha za mapafu yenye makovu. Daktari hakusema ni ule moshi, na hakusema si ule moshi. Kuanzia Desemba hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika. Justine alimuuguza peke yake, akitoka zamu anakwenda hospitali, akitoka hospitali anakwenda zamu. Naftali aliaga dunia Jumapili, tarehe 4 Februari 2018, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Aliomba azikwe hapa Jebel Ali. Tulidhani anatuhurumia kwa safari ya mwili. Justine aliniambia sababu yenyewe Jumatano jioni, programu ikiwa imeshachapishwa: alijua nyumbani wangemzika kama shujaa.

Nitaeleza alichomweleza mkewe Januari, na Mubarak amenithibitishia kila neno, kwa sababu alikuwepo siku ya moto.

Katika chumba kile, juu ya mtambo wa kengele, kulikuwa na karatasi imebandikwa. Ilisema kengele ikilia, inyamazishwe kwanza, kisha mlinzi apande kukagua. Wapangaji walikuwa wamelalamika. Watu walichoma ubani, walivuta shisha, waliunguza chakula, kengele ikalia mara tatu wiki moja, na mabosi wakachoka kupigiwa simu. Ijumaa ndiyo hasa hawakutaka kelele, maana ni siku ya mapumziko na watu wamelala. Walinzi wote mnaofanya kazi kwenye maghorofa mnaijua karatasi hiyo. Naona vichwa vinainama.

Basi saa nne na dakika arobaini asubuhi taa ya ghorofa ya ishirini na mbili iliwaka na kengele ikalia. Naftali akabonyeza ikanyamaza. Akangoja lifti. Akapanda. Alipoufungua mlango wa ukumbi akakuta moshi, akamwita Mubarak kwa redio aiwashe tena. Tangu alipoizima mpaka ilipolia tena zilipita dakika tisa.

Katika ghorofa hiyo alikuwepo binti mmoja wa kazi, Milly Nabirye, wa Jinja, miaka ishirini na sita. Madam wake alikuwa amesafiri. Kengele ilipolia mara ya kwanza, Milly alitoka. Jirani yake Mfilipino alimwona amesimama kwenye ukumbi, miguu mitupu, anatazama huku na huku. Kengele ikakatika. Milly akacheka, akamwambia yule jirani, "Khalas, basi, wameizima," akarudi ndani kumalizia kupiga pasi. Jirani akaenda zake kuoga, na yeye ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Milly walimkuta wazima moto, nyuma ya mlango.

Naftali aliandika maelezo yote haya, kurasa mbili, akayapeleka ofisini Satwa kabla ya sherehe. Aliomba mambo mawili tu yaingie kwenye maneno yatakayosomwa jukwaani: kwamba kengele ilinyamazishwa, na kwamba mtu wa kumi na mbili hakutoka. Akajibiwa kwamba hiyo ni sherehe, si ripoti. Ndipo alipokataa kwenda. Nilipopanda mimi kwa nguo yangu mpya, nilisikia kwa masikio yangu kwamba siku ile watu wote waliokolewa, nikapiga makofi na wenzangu.

Alimwambia Justine hivi, naye ameniruhusu niyaseme: "Wananisifu kwa dakika za mwisho. Zile tisa za kwanza ni za nani?"

Miaka yote nilifikiri anasema hataki zawadi kwa sababu aliifanya kazi yake. Kumbe alikuwa anasema hakuifanya. Mzima moto wa Changamwe alijua vizuri kwamba kengele hainyamazishwi kabla ya kuangalia. Alijua, akaitii karatasi, kwa sababu kafeel, mdhamini wetu, ni wao na visa ni yao, na sisi sote hapa tungeitii. Kwa aibu hakuniambia. Na mimi kwa mdomo wangu huu sikumpa nafasi. Naona uchungu, na ninamwonea hasira pia, maana angeniambia ningemwambia ninachomwambia leo akiwa hanisikii: Naftali, kosa hilo hukulibonyeza peke yako. Wale kumi na mmoja wako hai, na uliwatoa wewe. Mimi bado nasema hilo linastahili heshima, katika ubishi wetu sijakubali kushindwa. Lakini heshima yenye uongo ndani yake sitakuwekea kifuani.

Bwana Shakir, meneja wa kampuni, yuko nasi. Amekuja na nishani ya kuwekwa juu ya jeneza. Si mtu mbaya, na hakuwepo miaka ile. Jumanne alinipigia simu nikamkubalia kwa shukrani, nikamwandalia na nafasi kwenye programu, mtaiona baada ya wimbo wa pili. Bwana Shakir, kwa heshima zote, irudishe mfukoni. Jana nilimwuliza Mubarak, ambaye bado yuko jengo lile, karatasi ile iliishia wapi. Akaniambia ipo pale pale. Wamebandika mpya, imetiwa plastiki. Kama kampuni inataka kumpa mdogo wangu kitu, ikaitoe leo, kabla hatujamaliza kufukia hapa. Nimekuandalia simu yangu ukitaka kupiga.

Mama, ile picha ya ukutani ni yangu mimi na kikombe. Naftali hayumo. Ishushe. Mwambie na mchungaji wa nyumbani kwamba nimesema mimi, na nikija nitasimama kanisani niseme mwenyewe. Najua umelia, na najua ungependa ningenyamaza. Yeye aliambiwa anyamazishe, na mimi nimenyamaza bila hata kuambiwa.

Marehemu ameacha mjane, Justine. Binti mmoja, Desire, wa miaka mitatu, anayelelewa na bibi yake Masaka. Mama mzazi, Sarafina Wakesho. Dada mmoja, mimi. Wajomba na shangazi wengi Wundanyi na Voi. Mubarak, ambaye alikuwa ndugu yake bila kuzaliwa pamoja. Na watu kumi na mmoja ambao wengi wao hawakuwahi kujua jina lake.

Milly Nabirye alirudishwa kwao kwa ndege ya mizigo. Hapa Dubai hakufanyiwa ibada, na hakuna aliyesimama kusoma alizaliwa lini, alisoma wapi wala alimpenda nani. Mimi pia siyajui. Nimeuliza tangu Jumatano na nilichopata ni jina, umri na Jinja. Naftali alimwomba Justine kwamba tukiwaombea pumziko tulitaje jina la Milly kabla ya lake, kwa hiyo msimame.

Milly Nabirye apumzike kwa amani. Na Naftali, mdogo wangu, apumzike naye.