Miaka Arobaini na Mmoja ya Anselmo Bettencourt kwenye Lango la Lindauer

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Anselmo Bettencourt, mwandika mabango wa Studio ya Lindauer hapa Burbank, anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya kazi. Ofisi ya utumishi ilinipa karatasi ya kunakili katika kijarida hiki, na karatasi hiyo inasema miaka mitatu na miezi miwili. Sikuinakili. Nimekuwa msaidizi wake kwa miaka sita, na nilipofika nilimkuta na mvi.

Aliingia Aprili 1984, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mtoto wa wakamua ng'ombe wa Kireno kutoka Chino. Wakati huo ukoo wa Lindauer ndio uliokuwa na studio. Walimpa brashi, wakamwambia atie rangi upya bango kubwa la langoni, herufi za dhahabu juu ya kijani. Tangu hapo ameandika majina ya waigizaji kwenye maegesho, na kuyafuta walipoacha kupendwa. Kwa ajili ya filamu ameandika majina ya benki zisizo na fedha na ya maduka ya mikate yasiyo na mkate. Ukiona mtaa wa Paris katika filamu zetu, ujue herufi zile ni za mtu ambaye hajawahi kufika Paris, ila anajua namna ya kuichakaza rangi mpya ionekane ya miaka mia.

Mwaka 1987 ukoo uliuza studio kwa kampuni ya soda. Anselmo akapanda ngazi, akaandika jina la soda chini ya jina la Lindauer. Mwaka 1993 benki ikaichukua, naye akapanda tena. Mwaka 1998 ikaja kampuni ya simu, mwaka 2009 watengenezaji wa televisheni, na Machi 2022 wakaja hawa wa sasa, mfuko wa uwekezaji ambao wenyewe sijawahi kuwaona nyuso. Kila mmoja alitupa kofia yenye nembo na hotuba iliyosema kwamba sisi ni familia. Anselmo anazo kofia zote tano. Anazivaa anapopaka dari.

Watu wa simu walitulipia bei kubwa kwa sababu ya filamu zetu za zamani. Wiki ya kwanza mkubwa wao alishuka hadi langoni, akamkuta Anselmo juu ya ngazi.

"Bwana, filamu za zamani ziko jengo gani?"

"Zimeshauzwa, bosi."

"Zimeuzwa na nani?"

"Na benki, miaka miwili iliyopita. Mimi ndiye niliyeandika anwani kwenye masanduku. Hamkuuliza?"

Inasemekana mkubwa yule alikaa chini palepale ukingoni mwa barabara na suti yake. Anselmo alishuka, akampa nusu ya mkate wake wa soseji. Ndivyo alivyo.

Mimi mwenyewe nina deni la upole wake. Niliporudi kazini mwanangu akiwa na wiki saba, studio haikuwa na chumba cha mama kukamulia maziwa, na msimamizi aliniambia nitumie choo. Anselmo hakubishana naye. Aliondoa makopo yote ya rangi katika chumba kidogo cha nyuma, akafungua dirisha siku mbili harufu iishe, kisha akaandika mlangoni kwa herufi nyekundu: RANGI MBICHI, USIINGIE. Kwa miezi tisa hakuna mtu aliyegusa mlango ule. Maseremala walimtania, "Mzee Bettencourt, hiyo rangi yako haikauki?" Akawajibu, "Ni rangi ya bei rahisi. Kwani mnainunua nyie?"

Sasa niseme la uchungu, maana yeye hatalisema.

Kila studio inapouzwa, Ijumaa tunatia sahihi karatasi kwamba tumeacha kazi, na Jumatatu tunatia nyingine kwamba tumeajiriwa. Tunaambiwa ni utaratibu tu. Majalada ya zamani huondoka na mwenye mali wa zamani. Kwa hiyo, kwa hesabu ya ofisi, mtu huyu alizaliwa Machi 2022. Na kanuni ya studio inasema mstaafu mwenye miaka ishirini ya kazi hubaki kwenye bima ya afya, yeye na mke wake, hadi ile ya serikali ya wazee iwafikie wakitimiza miaka sitini na mitano. Anselmo ana miaka sitini na miwili. Mkewe, Idalina, ana sitini, na mapafu yake hayafanyi kazi bila mashine. Mtu wa miaka mitatu hapewi kitu.

Nilimpeleka Bwana Pruitt wa ofisi ya utumishi langoni. Waandika mabango wana desturi: ukimaliza bango, unaweka jina lako na tarehe kwenye ukingo wake, mahali ambapo fremu inaficha. Maseremala walifungua fremu. Yalikuwepo pale, moja chini ya jingine: A. Bettencourt 1984, 1987, 1993, 1998, 2009, 2022.

"Hiyo ni rangi, dada," Bwana Pruitt akasema. "Rangi siyo hati."

"Hati ni nini, basi?"

"Karatasi yoyote iliyotolewa na studio yenyewe, yenye nembo yetu na sahihi ya ofisi yangu, inayotaja miaka yake. Niletee hiyo, nami kesho namwandikisha."

Anselmo alikusanya brashi zake. "Mwache, binti. Nenda kamchukue mtoto, umechelewa." Nilikwenda kumchukua mtoto. Lakini sikumwacha.

Anselmo, kwa niaba ya karakana ya mabango, maseremala, mafundi umeme na washona mavazi, tunakushukuru. Ulitufundisha kwamba herufi iliyo juu kabisa, ambayo hakuna atakayeifikia kuikagua, inastahili kunyooka kama iliyo machoni pa watu. Tunakuombea nyumba yenye utulivu, na Idalina apumue vizuri.

Kijarida hiki hutolewa na Studio ya Lindauer. Nembo iko juu ya ukurasa, na kama ilivyo kila mwezi, sahihi ya Bwana Pruitt ya kuruhusu kichapwe iko hapa chini. Aliitia juzi akiwa na haraka ya kwenda kula. Zimechapwa nakala mia nne. Chukua mbili, mzee, moja yako na moja ya kupeleka dirisha la bima Jumatatu asubuhi. Nitakuwa nimeshafika, nimekuwekea nafasi kwenye foleni.

Corinne Tafoya
Karakana ya Mabango