Mama Séphora Mave, Sauti Iliyokaribishwa Bila Mwenyewe

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliofika hapa makaburini leo: haya ndiyo maisha ya Mama Séphora Mave, aliyeishi kati yetu tangu 1971 hadi 2025. Yanasomwa na Débora, binti yake wa pekee, ambaye pia ndiye aliyeyaandika. Jana, kabla hayajapelekwa kuchapwa, mzee mmoja wa familia aliyapitia, akasema: «Mutoto wangu, andika tu kama aliugua, Mungu akamupokea. Ile ingine iko ya nyumbani.» Débora alimshukuru mzee, akayaacha jinsi yalivyo.

Mama Séphora alizaliwa Fataki, katika teritware ya Djugu, tarehe 9 Aprili 1971, mtoto wa pili kwa wazazi wake. Baba yake alikuwa mfugaji, mama yake mkulima. Watu wa kwao wanasimulia kwamba alipotumwa kurudisha ng'ombe jioni, alimwita kila mmoja kwa jina lake, kisha akamjibia kwa sauti ya ng'ombe huyohuyo: huyu mkali, yule mvivu, yule mwingine analalamika juu ya majani. Baba yake alikuwa akisimama kwenye mlango wa zizi ili asikilize, huku akijifanya anahesabu ndama.

Alisoma shule ya msingi Fataki, na sekondari hapa Bunia, ambako alipata diploma ya serikali katika ualimu mwaka 1991. Alifundisha mwaka wa tano katika shule moja ya mtaa wetu, kartie Lumumba, mpaka vita vilipotawanya wanafunzi. Kifaransa alikipenda kwa moyo wote, lakini alikuwa akisema kwamba mtu hawezi kulia vizuri ndani yake.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na Bwana Ézéchiel Vahwere, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka nguo na sabuni Nia-Nia. Walijenga nyumba ya matofali Lumumba, na mwaka uliofuata Débora akazaliwa.

Kazi ambayo wengi wenu mnamjua kwayo aliianza mwaka 2005. Televisheni moja ya hapa mjini ilikuwa imepata kasete za filamu za anga za zamani, zisizo na rangi, zilizotengenezwa ng'ambo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kila filamu ilikuwa na vipande vingi, na maneno yake yalikuwa ya Kifaransa. Bwana Blanchard, mkubwa wa vipindi, alitafuta mtu wa kusema Kiswahili juu yake, akampata Mama Séphora. Kipindi kikaitwa «Mbali na Nyumbani». Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, mama mmoja alikuwa rubani, mkewe rubani, mashine inayosema, na mtoto aliyezaliwa njiani kati ya nyota.

Mnakumbuka wenyewe filamu hizo zilikuwa za nini. Vyombo vilikuwa vya bati, na nyota zilionekana wazi kwamba ni taa ndogo. Lakini ndani yake daima kulikuwa na mtu mmoja aliyesahauliwa mahali. Kulikuwa na sentinele, mlinzi wa mwezini, aliyepika chakula cha watu wawili kila siku. Kulikuwa na mji ambao watu wake walikatazwa kugusana, wakaishi kila mmoja nyuma ya kioo chake. Pale Kifaransa kiliposema tu «niko peke yangu», Mama Séphora alisema: «Niko pekee yangu, na hakuna mutu wa kuniita jina.» Bwana Blanchard alimwambia kwamba maneno hayo hayamo kwenye filamu. Alijibu: «Yamo kwa uso yake. Angalia muzuri.»

Siku moja sokoni, muuzaji wa unga wa muhogo aliitambua sauti yake, akagoma kumpimia.

«Mama, kwanza uniambie. Ule sentinele ya mwezini, walienda kumukamata, wamurudishe nyumbani?»

«Bado.»

«Bado? Na weye uko unatembea tu sokoni?»

Alimpimia, kisha akaongeza kikombe kimoja juu. «Hii ni ya ule sentinele,» alisema.

Mama Séphora alisimulia habari hiyo kwa miaka mingi. Aliipenda kazi yake, na aliamini kwamba watu wanaomhurumia mtu wa kwenye kioo watamhurumia na mtu wa jirani.

Mwezi wa sita 2019, kaka yake Didier, mchimba dhahabu wa Mongbwalu, alishikwa na homa. Wenzake walimwacha kwenye kibanda wakakimbia. Mama Séphora alipanda pikipiki akaenda. Alimwogesha, akamlisha, akamshika mpaka alipokata roho. Kisha na yeye akaugua, akapelekwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola. Alilazwa katika chumba chenye kuta za plastiki. Débora alimtazama kutoka nje, na mama yake akamfanyia sauti ya rubani ili acheke. Alipona. Alipewa cheti kinachosema kwamba hawezi kumwambukiza mtu yeyote, na madaktari wakamkumbatia mbele ya wote.

Hapa ndipo mzee alipoomba pafutwe.

Aliporudi Lumumba, hakuna aliyemkumbatia. Kwenye bomba la maji wanawake waliondoa bidoni zao za kutekea foleni ilipomfikia. Kanisani benchi lake lilibaki lake peke yake. Hata kwenye kwaya, alikokuwa ameimba miaka kumi na zaidi, walimwomba «apumzike kwanza». Mumewe, Bwana Ézéchiel, alilala nyumbani wiki moja katika chumba cha wageni, kisha akasema biashara imekuwa nyingi Nia-Nia. Tangu siku ile amekuwa mkaaji wa Nia-Nia.

Kazini, Bwana Blanchard alimpokea uani, hakumwingiza ndani.

«Wenzako wanaogopa mikro,» alisema. «Wanasema umeitemea mate miaka yote.»

«Basi ununue mikro ingine.»

«Ngoja kwanza mambo itulie, Mama. Tutakuita.»

Hawakumwita. Lakini kipindi hakikufungwa, kwa sababu kasete zilizokwisha kutiwa Kiswahili zilikuwa bado nyingi, na watu walikuwa bado wanazitaka. Kila Jumanne na Ijumaa sauti ya Mama Séphora iliingia katika kila nyumba ya kartie, ikaketishwa sebuleni, watoto wakanyamazishwa ili isikike vizuri. Yeye mwenyewe aliisikia kutoka kwenye kiti chake nje, ikitokea madirisha ya pande zote, ikisema iko pekee yake.

Ijumaa moja alishindwa kuvumilia. Alivuka barabara hadi kwa Mama Bijou, rafiki yake wa kwaya, akabisha hodi. Mama Bijou alitazama kupitia pazia.

«Bakia palepale, Mama Débora. Tunakusikia.»

«Munanisikia kutoka wapi? Kutoka kwa ile televizyo, ao kutoka hapa mulangoni?»

Ndani, mtu alipunguza sauti. Mama Séphora alisimama pale mpaka kipande kikaisha, kisha akarudi nyumbani akaosha vyombo.

Mwaka 2020 kasete zenye Kiswahili zikaisha, na hadithi ya sentinele ikakatika kabla ya mwisho. Ndipo Bwana Blanchard alipokuja, na Mama Bijou nyuma yake, na majirani kadhaa, wakasimama kwenye geti. Walikuwa wameleta mikro, kasete zilizobaki, na chupa ya klori. Walimwomba asome mwisho peke yake ndani ya nyumba, halafu aache vyombo nje.

Mama Séphora aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Akasema: «Mwisho niko nayo. Kesho saa sita nitapika. Mutu atakayeingia, akaketi, akakula, nitamupa mwisho yote.»

Alipika fufu, sombe na samaki. Alitandaza viti vyote vya nyumbani na vingine akaazima shuleni. Watu walipita mbele ya geti polepole, wakitazama. Aliyeingia alikuwa mmoja: Rébecca, mjane kutoka kartie nyingine, ambaye naye alipona Ebola. Alikula akashiba, akasimuliwa mwisho kwa sauti zote, akacheka, kisha akalia. Waliomngojea njiani walimuuliza: «Walienda kumukamata?» Aliwaambia: «Mulango iko wazi. Mukamuulize mwenyewe.»

Hawakuingia. Mpaka leo hawajui mwisho, na Débora, aliyekuwepo mezani, hatausema hapa.

Tangu siku hiyo Rébecca alileta wanawake wengine waliopona. Walikutana kwa Mama Séphora kila Jumapili, wakapika, wakasaidiana. Macho yake yalianza kufifia, viungo vikauma, na mwaka jana figo zikachoka. Débora alimpeleka hospitali mwezi wa kwanza. Alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, Rébecca akimshika mkono mmoja, Débora mwingine. Hakufa kwa Ebola. Hilo limeandikwa ili mpumue.

Ameacha binti, Débora. Mume, Bwana Ézéchiel Vahwere, ambaye amesafiri kutoka Nia-Nia na yupo katikati yetu. Wadogo zake wawili huko Fataki. Na wanawake waliopona, ambao aliwaita dada. Tangu juzi televisheni imekuwa ikitangaza msiba huu kwa kurudia sauti yake, na tunaona jinsi mlivyojaa.

Wengi wameomba heshima ya kubeba jeneza. Familia inashukuru. Jeneza litabebwa na Rébecca na dada zake. Wengine tunawaomba mbaki nyuma kidogo, kwa umbali uleule mliomzoesha.

Pumzika kwa amani, Mama Séphora Mave. Tumekuita jina.