Pedi ya Pili ya Mzee Hezekiah

Baada ya miaka ishirini na saba katika duka letu la elektroniki mjini Nyeri, Mzee Hezekiah Mutahi anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Aliingia mwaka 1998 akibeba maboksi, akawa fundi wa redio, na tangu 2006 amekuwa mkuu wa kitengo cha gemu. Amechelewa kazini siku moja tu, ya mvua, na tumemtania kwayo hadi leo.

Mzee alilijua soko la gemu kuliko hao wauzaji wa Nairobi wanaotutumia orodha zao. Alitufundisha kwamba huku kwetu diski haikai nyumbani. Mmoja ananunua, jirani anaazima, wiki ijayo imefika Mukurweini na mwenyewe hajui iko kwa nani. Kwa hivyo mtu hununua mashine ya gemu kama aliyo nayo jirani, na gemu inayodumu ni ile inayoingia kwenye mashine hiyo. Gemu za mpira tulizouza kwa fujo hazikuwa nzuri kuliko zote. Zilibahatika tu kutengenezewa mashine iliyokuwa katika kila kibanda.

Somo hilo alilipata kwa kosa lake mwenyewe. Kulikuwa na gemu ya wapanda mlima wawili waliofungwa kamba moja. Jina lake la kigeni lilitushinda kutamka, tukaiita Kileleni. Haichezwi na mtu mmoja. Sehemu ya kwanza ilitoka kwenye mashine ya kawaida, ikapendwa hadi Timau. Ya pili ikatoka kwenye Velora pekee, mashine mpya ambayo huku hakuna aliyeijua. Kwa mapenzi yake, Mzee akaagiza Velora thelathini. Ziliuzwa nne. Mteja mmoja wa Kiriaini alirudisha yake akilalamika, "Gemu iko sawa, Mzee, lakini huko kwetu nitacheza na nani? Ati nimpelekee jirani hii diski, aiweke wapi?" Haukupita muda Velora ikaacha kutengenezwa, na sehemu ya tatu ya Kileleni haikutoka kamwe.

Velora moja ilibaki kwenye meza ya nyuma. Kila Jumamosi mkewe, Kabura, alipitia hapa akitoka sokoni, akaweka kikapu chini, wakacheza Kileleni hadi tufunge duka. Alimburuta Mzee mlimani kama gunia la viazi, nasi tukacheka mpaka wateja wakatushangaa. Kabura alifariki mwaka 2019, wakiwa wamebakiza kipande cha theluji tu wafike juu. Mzee hakuifuta safari ile kwenye mashine. Alipangusa vumbi kwenye pedi zote mbili, vile vidude vya mkononi vya kuchezea, kila asubuhi, na saa ya chakula cha mchana alikaa pale na kikombe chake cha chai, skrini ikionyesha watu wawili wamesimama kwenye theluji.

Hapa mimi, Sophie wa kaunta, nina la kukiri. Aliniomba mara nyingi nishike pedi ya pili. Kila mara nilimwambia kesho, macho yangu yakiwa kwenye simu. Miaka sita ni kesho nyingi mno. Mwaka huu aliacha kuniomba, na nikaona haya.

Zawadi yetu kwake ni hiyo Velora. Juzi nilimwona akiifunga. Aliweka pedi moja kwenye boksi, ya pili akaiweka rafuni, akasema labda duka litaihitaji.

Duka haliihitaji, Mzee. Nimeichukua mimi, na wiki nzima nimekuwa nikijifunza vitufe vyake. Asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutuvumilia. Wenzako wote tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwenye kahawa yako na siku za furaha huko kwako Gakindu. Jumamosi nitakuja na pedi mkobani. Usianze kupanda bila mimi.