Uzi Uko Sawa: Tunamuaga Mzee Pua

Miaka thelathini na minne na miezi miwili. Ndiyo aliyokaa Mzee Pua kwenye kile kiti cha dirishani, na Ijumaa, tarehe thelathini na moja Julai, anainuka. Mimi nimekaa meza ya jirani yake miaka ishirini na tisa, nachambua majani na kufunga nyuzi, kwa hiyo habari zake nyingi sikusimuliwa. Karani anaandika ninavyotamka, na nimemkataza kunipambia.

Nimeomba mwenyewe nafasi hii kwenye kijarida, na sababu naitoa mapema. Wako wanaonong'ona karibu na birika la chai kwamba mzee anaondoka kwa kosa la uzi wangu. Wengine wananong'ona kwamba amesukumwa. Vyote viwili ni uongo, na leo nauzika.

Kwa wasiotujua, sisi tunatengeneza biri, zile sigara nene za jani tupu, zisizo na karatasi, zinazoviringishwa kwa mkono moja moja. Mzee Pua hakuja hapa kuonja. Alikuja seremala, kuunda masanduku ya kuzihifadhia. Wiki ya pili alikataa mbao zilizoletwa, akasema zina harufu ya kugombana na tumbaku. Mwenye karakana wa wakati huo alimcheka, akamwambia seremala apime kwa rula, si kwa pua. Masanduku yakaundwa. Baada ya miezi mitatu biri zote za ndani yake zilikuwa zinanuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Mwenye karakana hakuomba radhi, maana hakuwa na desturi hiyo, lakini alivuta kiti mpaka dirishani, akamwita seremala, akampa biri mbili azilinganishe. Jina la Pua lilianzia hapo. Mwenye pua haambiwi nusa.

Kulinganisha biri si kuvuta moshi ovyo kama bomba la jikoni. Mzee alikuwa na utaratibu wake, na ole wake aliyeuvuruga. Biri moja kwa siku, asubuhi, kabla ya chai, kwa maji matupu na kipande cha mkate mkavu. Kwanza analitazama jani la nje, kama mama mkwe anavyomtazama bibi harusi. Anaibonyeza kidogo kwa vidole viwili. Anainusa ikiwa baridi. Ndipo anaikata ncha, anaiwasha kwa kiberiti taratibu, na kuanzia hapo hasemeshwi mpaka jivu la kwanza lidondoke lenyewe. Moshi wake haumezwi. Alituambia moshi wa biri ni mgeni wa sebuleni, unamkaribisha, unamsikiliza, unamsindikiza mlangoni. Chumbani haingii. Na theluthi ya kwanza ya biri inatoa salamu, ya pili inasema kilichomleta, ya mwisho inatoa siri aliyokuwa anaificha. Anayehukumu kwa salamu, alisema, ataoa vibaya.

Msimamizi wetu alikuja siku moja amejipulizia manukato mpaka nzi wakahama. Mzee alimrudisha nyumbani akaoge. Msimamizi! Naye akaenda, akarudi na nywele mbichi, na kazi ikaendelea.

Maneno yake ya sifa yalikuwa machache kama meno yangu. Aliwahi kuja mnunuzi mmoja, anavuta macho juu, anasema anasikia maua, anasikia asali, anasikia mvua ya mbali. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye anasikia kabati jipya na viatu vya ngozi ambavyo havijavaliwa, na kwamba hiyo ni sifa. Mnunuzi akanusa tena, akaguna, akanunua masanduku arobaini. Waviringishaji hakuwasifu usoni hata kidogo, kwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukitengeneza biri nzuri sana, alikuja kusimama nyuma yako kimya, akakaa kidogo, akaondoka. Watu wamekwenda nyumbani wakilia kwa furaha kwa sababu ya kusimamiwa nyuma.

Lakini neno lake kubwa lilikuwa moja: imelala. Biri ikishaviringishwa inalazwa kwenye chumba cha masanduku, mwaka, miaka miwili, mpaka ukali uishe na majani yazoeane. Ikifika, Mzee alisema imelala. Isipofika, alisema bado inapiga kelele, irudisheni kitandani. Na ndani ya chumba hicho alinong'ona. Mtu mzima, anafungua sanduku kwa vidole vya kunyatia, anakuziba mdomo ukicheka. Mke wake aliniambia kwamba hata watoto wao hawakuwahi kunyamaziwa hivyo.

Sasa tufike penyewe.

Nyuzi ni zangu. Herufi na namba hatujuani, kwa hiyo tangu nianze kazi nafunga uzi wa bluu kwenye biri zilizolala miaka miwili, mwekundu kwenye za mwaka mmoja. Siku ya kulinganisha, mzee anapewa biri zimetolewa uzi, mimi nabaki na uzi mfukoni najua ipi ni ipi. Pua yake na uzi wangu havikuwahi kugombana. Mpaka mwezi Machi mwaka huu.

Mwezi huo mnunuzi wetu mkubwa alitaka biri zilizolala miaka miwili kamili tu, na alisema wazi kwamba akipata mbichi hatarudi. Mzee akalinganisha siku nne. Siku ya tano akanyoosha kidole, akasema hizi ndizo, zimelala, zifungwe zisafiri. Nikatoa uzi mfukoni. Ulikuwa mwekundu.

Karakana nzima ikanigeukia. Nani angeishuku pua ya miaka thelathini na minne? Msimamizi akasema, kwa upole, nampa haki yake, kwamba bibi amechoka, nyuzi zimechanganyika, sasa tutumie namba kama watu wengine, na bibi apewe ufagio, kazi nyepesi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi hata haki sikuidai, kwa sababu na mimi niliamini nimekosea. Nilikwenda chooni nikalia. Mzee alikaa kwenye kiti chake anatazama nje. Nilimchukia siku nzima.

Siku hizo mbili zilizofuata alizitumiaje, nimeambiwa na mke wake. Anasema alimkuta mzee sebuleni amefumba macho, mbele yake ameweka kipande cha sabuni, bakuli la kahawa ya unga na kopo la dawa ya viatu. Ananusa kimoja, anakirudisha, ananusa kingine. Mke akamuuliza, baba watoto, unapika nini? Akavipanga upya, akanusa tena.

Asubuhi ya tatu alikuja mezani kwangu kabla sijavua viatu vya njiani. Akaniomba nimletee biri nne, mbili za uzi wa bluu, mbili za mwekundu, nizitoe nyuzi, nizichanganye, nisimwambie. Akavunja sheria yake ya miaka yote: akaziwasha nne asubuhi moja. Kisha akamwita dada wa meza ya tatu, yule aliyekuwa akimfundisha kunusa tangu mwaka juzi, naye akazipitia. Dada akatenga mbili huku, mbili huku, bila kusita. Nikatoa nyuzi. Hakukosa hata moja.

Saa ya chai Mzee alisimama katikati ya karakana. Mtu ambaye hajawahi kutoa hotuba hata kwenye harusi ya binti yake. Akasema maneno saba, mtahesabu wenyewe: uzi uko sawa, pua yangu ndiyo imechoka. Akamwambia msimamizi ufagio aupeleke alikoutoa. Akaweka kisu chake kidogo cha kukatia ncha mbele ya dada wa meza ya tatu, akaomba barua ya kustaafu. Masanduku mekundu yakarudishwa kitandani, ya bluu yakasafiri, na mnunuzi ameshaagiza tena.

Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mimi ningefagia, yeye angebaki na jina lake mpaka siku wanunuzi wamtoe kwa aibu. Pua ilikuwa ndiyo mali yake yote hapa duniani, na aliitoa hadharani ili kikongwe asiyejua kusoma abaki na uzi wake. Basi anayetaka kunong'ona aje anong'one sikioni mwangu. Liko moja tu linalosikia, aje kwenye lile.

Kaka yangu, asante. Asante kwa viti ulivyotutengenezea ukisubiri jivu lidondoke. Asante kwa kunifokea, na kwa kufokewa. Dada anakikalia kiti vizuri, ila bado anatikisa mguu. Pita siku moja umkaripie. Nilitaka kukupa lile neno lako kubwa, lakini nikisema umelala watu wataanza kuchanga rambirambi, kwa hiyo naliacha.

Ijumaa utapewa saa ya ukutani na karakana, kama kawaida. Kutoka kwangu kuna biri moja, imefungwa uzi wa bluu, imelala miaka sita. Niliificha nyuma ya sanduku la chini nawe ukiwa hapo hapo unanong'ona. Miaka yote hii sikukuona ukivuta biri bila kutafuta kosa lake. Hii usiilinganishe na kitu. Kaa kibarazani na mke wako, ivute mpaka mwisho, na kama hutasikia kabati jipya wala viatu, usihangaike: uzi uko sawa, nimeufunga mimi. Siku zako zote zilizobaki ziwe na utulivu kama kile chumba chetu, na asiwepo wa kukupigia kelele.